Ushuhuda wa Mwanzia

Mbula alichuja maziwa mara tatu kwa kitambaa cheupe, na mara zote tatu aligeuka kutazama pazia. Maziwa yalikuwa ya kijani kidogo. Akayamimina kwenye uji wa wimbi, akatia tangawizi nyingi, akakoroga mpaka ile rangi ya kijani ikapotea.

"Baba Kavoi, uji uko tayari."

"Ngoja niombe kwanza," mume wake akajibu kutoka nyuma ya pazia.

Siku hizo Mwanzia aliomba kwa muda mrefu. Mbula alishika kikombe akingoja amina.

Mwanzia alikuwa mzee wa kanisa hapo mtaani kwao, Kambi Muru, kwa miaka kumi na tisa. Saratani ilikuwa imeingia mifupa ya kiuno. Ile dawa ya maji ya kutuliza uchungu iliisha hospitalini, wakaambiwa warudi mwezi ujao, na mwezi ujao wakaambiwa vivyo hivyo. Mtu mzima alilia mpaka majirani wakaongeza sauti za redio zao. Kavoi, mtoto wao wa pekee, alikuwa kwenye kazi ya mjengo huko Kitengela na alifika mara moja kwa mwezi. Mbula aliacha kuuza mitumba soko la Toi. Wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha alikuwa yeye peke yake.

Ndipo akaenda kwa miguu mpaka mtaa wa Kawangware 46, kwa mzee Khamala, fundi wa viatu. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya kliniki ndiye aliyemwelekeza.

Khamala alimpa majani ya bangi yaliyofungwa kwenye gazeti. "Chemsha na maziwa ya mafuta, si maji. Kidogo tu, mama. Ng'ambo wanashona nguo na hii kitu, wanasokota kamba, wanapea wagonjwa. Hapa kwetu ni jela. Ukishikwa, hunijui."

"Sikujui," Mbula akasema.

Siku ya nne Mwanzia alilala bila kulia. Siku ya saba aliketi. Mbula alitamani kumwambia, lakini alimjua mume wake. Angejua kilichomo kwenye kikombe, asingekunywa tena hata tone, na kilio kingerudi.

Jumamosi ya wiki ya nne, redioni, watu walikuwa wakibishana kama bangi ihalalishwe. Mmoja alipiga simu akasema ni dawa. Mwingine akasema imemmalizia watoto wawili.

"Siku hizi hata shetani ako na wakili," Mwanzia akasema. Akapunguza sauti ya redio. "Mama Kavoi."

"Nakusikia."

"Mtu akiona mwenzake anapotea na anyamaze, si ataulizwa?"

"Ataulizwa," Mbula akajibu, akikaza kifuniko cha mkebe wa unga. Majani yalikuwa humo, chini kabisa.

"Uko na kitu ungetaka kuniambia?"

"Kunywa uji, unapoa."

Jumapili, baada ya ibada, watu wa kanisa walikuja kuomba na mgonjwa. Wengine waliketi kitandani, wengine kwenye mitungi ya maji. Mwanzia aliinua mkono akitaka kutoa ushuhuda.

"Wiki tatu sijalia! Madaktari walishindwa. Bwana mwenyewe ameng'oa uchungu!"

Vigelegele vikatoka mpaka nje. Mbula akasema amina pamoja nao, macho chini.

Annet, jirani yao, mwanamke wa Bungoma asiyejua kufunga mdomo, alikuwa karibu na jiko. Akainamia sufuria, akanusa.

"Mama Kavoi, hii uji yenu iko na harufu ya wale vijana wa pale kona! Nichotee na mimi nipate upako."

Wanawake wakacheka. Mbula naye akacheka, akafunika sufuria haraka.

Jumatatu saa nne asubuhi polisi wawili waliingia bila kubisha. Hawakupekua popote. Mmoja aliinama chini ya meza, akatoa mkebe wa unga, akaumwaga wote sakafuni. Akaokota lile gazeti.

"Ya nani hii?"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, Annet mbele yao. Nyuma ya pazia kitanda kikatoa mlio. Mbula aliufikiria ushuhuda wa jana. Akamfikiria mume wake akisikia, mbele ya watu hawa wote, ni nini hasa kilichokuwa kimemtuliza uchungu.

"Ni yangu," akasema. "Navuta mimi."

"Na umri huu, mama? Haya, vaa viatu."

Alipofika mlangoni alimkazia Annet macho. "Ulinusa, ukakimbia kusema. Sasa nani atamgeuza? Wewe?"

Watu walipotawanyika Annet aliingia ndani, akaruka unga uliomwagika, akavuta pazia. Mwanzia alikuwa ameketi wima kitandani, mashavu yamelowa.

"Baba Kavoi, haki ya Mungu, yangu ilikuwa utani tu. Sijaongea na polisi."

"Najua, mama. Ni mimi niliwapigia. Kila asubuhi nilikuwa namwona kupitia upenyo wa pazia akitoa hayo majani na kuyaficha, nikamwuliza kwa upole, akakataa kusema." Akajipangusa uso kwa shuka. "Afadhali aiachie jela kuliko aende nayo kaburini. Msiwe na wasiwasi na mimi. Uchungu Bwana alishauondoa."