Moyo wa Upande wa Baba

Mstari ulipanda pale ulipopaswa kulala. Daktari aliutazama kwenye karatasi, akamtazama kijana aliyelala kitandani kifua wazi, nyaya zimembandama, akautazama tena.

"Unajisikiaje?"

"Mzima kabisa," alisema kijana. Alitaka kazi ya zimamoto, na kipimo cha umeme wa moyo ndicho pekee kilichobaki.

Wazazi wake wakaitwa ndani. Baba alikuwa seremala mwenye sauti iliyozoea kushindana na msumeno. Mama, fundi cherehani, alizoea kumwachia yeye maneno.

"Mzee, asili yako ni wapi?" daktari aliuliza.

"Kaskazini kwelikweli! Babu, baba, mimi, na sasa huyu."

"Na mama?"

"Wa hapahapa," alisema mama.

Daktari alishusha pumzi. "Kijana wa hapa angekuwa na mchoro kama huu, ningemzuia leo hii. Lakini vijana wengi wenye asili ya kaskazini huwa nao, na ni wazima. Amechukua kwa baba. Amefaulu."

Seremala alijipiga kifua. "Damu hiyo! Mashine imemtambua hata kabla ya kumuuliza jina."

Kwenye benchi la nje aliendelea kujisifu mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Kisha ghafla akasema anakwenda kununua maji. Akakawia. Akarudi mikono mitupu.

"Duka limefungwa," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mama hakumsikia. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Muuguzi akatokeza. "Kijana, njoo upigwe picha ya moyo."

"Si nimeshafaulu?"

"Daktari anataka kuhakikisha."

"Twende, mwanangu," alisema seremala, akinyanyuka naye. "Waupige picha mpaka wachoke."

Walipopotea kwenye kona, mama aliinuka, akaingia kwa daktari bila hodi, akafunga mlango.

"Dokta, ule mchoro. Kama baba yake si mtu wa kaskazini, je?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Niliolewa nikiwa na mimba changa. Aliyenipa alikuwa wa hapahapa, kama mimi. Mume wangu hajui." Aliushika mtandio wake kwa mikono miwili. "Miaka yote nimejikaza. Lakini siwezi kumwacha mwanangu aingie motoni na moyo mbovu, eti mimi nibaki na heshima zangu."

"Kaa, mama. Tusubiri picha."

Wakasubiri. Majibu yalipoletwa, daktari aliyasoma taratibu, na mama akayasoma usoni mwa daktari.

"Moyo wake hauna kasoro yoyote."

"Hata kama ni wa hapahapa?"

"Hata angekuwa wa mwezini."

Mama alicheka, akalia, akajifuta harakaharaka. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nakuomba, dokta, baba yake asijue. Anavyompenda yule mtoto, atakufa."

"Mimi sitamwambia mtu."

Lilikuwa jibu lilelile alilompa seremala muda mfupi uliopita, alipokuja kunong'ona kwamba kijana apimwe upya kama mtoto wa mtu mwingine, na mama yake asijue kamwe kwamba yeye anajua.