Maji ya Jumanne na Ijumaa

Mzee Klementi hakuwa na mke tena. Hakuwa na simu, hakuwa na meno ya kutafunia nyama, hakuwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho tezo ilikichukua enzi za useremala wake, na hakuwa na mtu wa kumwambia habari ya maji yaliyotapakaa jikoni.

Ilikuwa Jumanne. Alisimama mlangoni, suruali ameikunja, fagio mkononi. Pipa limejaa pomoni. Koki iliyo juu yake imefungwa. Akachukua daftari, akaandika tarehe, kisha: "Yamevuja tena. Chanzo hakijulikani."

Nyumba ile ya Mitwero aliijenga mwenyewe, na milango yake yote aliiranda kwa mikono yake. Marietha alipofariki mwaka jana, mtoto wao Sixbert alitaka kumchukua baba yake waende kuishi Dar es Salaam. Mzee akakataa. Wakakubaliana kwamba atabaki Mitwero maadamu anaweza kujitunza.

"Siku ukishindwa, baba, uniambie mwenyewe," alisema Sixbert. "Nisisikie kwa majirani."

"Nikishindwa nitakuandikia."

Alijifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na tangu hapo jambo zito kwake lilikuwa la kalamu. Barua hiyo hakukusudia kuiandika kamwe, sembuse kwa sababu ya bomba.

Alimwita Augustine, fundi bomba. Augustine akabadilisha koki, akazungushia utepe mweupe kwenye maungio, akapiga magoti na kulipapasa bomba kutoka ukutani hadi nje kwenye mita. Kukavu.

"Hapa pazima kuliko mimi, mzee," alisema akipangusa mikono. "Tusubiri mgao wa Ijumaa."

Mtaa ule maji yalifika Jumanne na Ijumaa tu, alfajiri, na kabla jua halijapanda yamekatika. Miaka arobaini Marietha ndiye aliyeyaamkia. Alikwenda peku ili asimwamshe mumewe, akafungua koki, akajaza pipa, akarudi kulala. Mzee Klementi hakuwahi kuyaamkia maji hata siku moja. Aliyasikia tu, kwa mbali, usingizini.

Ijumaa sakafu ikalowa vilevile. Pipa pomoni, koki mpya imekazwa.

Augustine alirudi, akaifungua, akaifunga, akakuna kichwa. "Mzee, hii haivuji. Hii inafunguliwa, halafu inafungwa. Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba?"

Alikuwa nao Moza, jirani. Marietha alimpa wakati wa ugonjwa, awe anaingia kumsaidia. Mzee Klementi akahisi uso unawaka moto. Kumbe anahurumiwa! Anajaziwa pipa kama mtu asiyejiweza, kisha anaachiwa sakafu ya kudeki.

Alimkuta Moza uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipe ufunguo wangu."

Moza akacheka. "Makubwa! Umeoa nini, baba, unaogopa nitamfumania bibi harusi?"

"Unaingia kwangu alfajiri kujaza pipa. Sikukutuma."

Kicheko kikakatika. "Mimi? Wallahi sijavuka kizingiti chako tangu arobaini ya mama. Na alfajiri mimi niko kwenye mswala." Akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akauweka juu ya kigoda badala ya kumpa mkononi. "Haya. Na mihogo yangu usiisubiri tena."

Kila jioni Moza alimpelekea sahani ya mihogo. Jioni ile haikuja. Mzee alikunywa uji peke yake, akisikiliza kijiko kikigonga bakuli.

Jumatatu, kabla ya kulala, alitia komeo mlango wa mbele na mlango wa uani. Jumanne maji yalikuwa sakafuni. Makomeo yako palepale.

Alhamisi jioni akachukua unga wa muhogo na chekeche. Akaupepeta kwenye kizingiti cha jikoni, hatua mbili nzima, mweupe na laini kama vumbi la msasa. Asiyekuwa na mabawa asingepita bila kuacha alama. Akatia makomeo, akalala.

Asubuhi aliamka amechoka, kama alivyokuwa akiamka siku hizi, akaenda kutazama.

Nyayo zilikuwepo. Za mtu peku. Zimeingia jikoni, zimetoka. Mzee Klementi akachuchumaa, akazitazama hadi jua likaingia dirishani. Daftari hakuligusa. Akaufagia unga, akadeki sakafu, akaenda kwa Moza na kuuweka ufunguo juu ya kile kigoda.

"Kaa nao. Nilikukosea, mwanangu."

Moza alimtazama usoni, na maneno makali aliyoyaweka akiba wiki nzima yakamtoka kichwani. "Umempata, baba?"

"Nimempata."

"Nani?"

Alisema tu, "Mihogo yako leo usiisahau," akarudi nyumbani, akaketi mezani na kuandika polepole, kwa herufi zilizonyooka:

"Mwanangu Sixbert, anayemwaga maji jikoni nimempata. Hana kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Njoo umchukue, ila usimkaripie. Anamjazia mama yako pipa."

Akailamba bahasha, akaifunga, akaipeleka stendi kwa kondakta wa basi la Dar.