Toa Gitaa

Alban Thwaite alisukuma sahani ya mayai ya siki mbali na kinanda chake kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa.

"Nani kaweka uchafu huu hapa?"

"Mimi, mzee. Samahani." Desmond, mpiga gitaa mpya, aliinyakua sahani, akafuta vidole kwenye fulana.

Na vidole hivyohivyo, Alban aliwaza, ndivyo vinavyoshika nyuzi.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu kijana huyo wa Leicester ajiunge na bendi ya Mnara wa Chumvi, nayo ilikuwa haitambuliki. Alban ndiye aliyeianzisha, mwaka 1968, katika chumba cha nyuma ya kanisa kule Canterbury, Uingereza. Nyimbo zao zilikuwa za dakika ishirini, zinapaa, zinageuka, zinapaa tena. Hawakuwa na mpiga besi wala hawakumtaka. Mkono wa kulia wa Alban ulipiga tuni, wa kushoto ukashika besi, zile sauti nzito za chini, na magazeti ya muziki yaliusifu sana mkono huo wa kushoto.

Kisha Desmond akaja, akashuka kwenye nyuzi nene zenye sauti nzito, akaganda hukohuko. Palipotakiwa mbio, alinguruma. Palipotakiwa utulivu, alinguruma. Wimbo uliokuwa ukipaa sasa ulitambaa kwa tumbo. Na watu, Mungu wangu, waliupenda! Mwandishi mmoja alisema bendi imezaliwa upya. Alban alisoma hadi neno hilo, akalitupa gazeti motoni.

"Mmemwacha ng'ombe acheue katikati ya wimbo wangu," alimwambia Lionel, mpiga ngoma, rafiki yake tangu shuleni.

"Mimi naona anatufaa, Alban."

"Anatufaa nini?"

Lionel aliinama, akajifanya anakaza ngoma ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Alasiri hiyo walikaa chumba cha fundi wa sauti, pale studio, kusikiliza wimbo waliorekodi asubuhi. Alban alivumilia dakika tatu. Ule mngurumo uliufunika wimbo kama mafuta yaliyochacha. Aliinuka, akapiga meza.

"Basi! Hugh, rudisha mwanzo. Toa gitaa."

Hugh, fundi wa sauti, alikuwa amerekodi kila ala mbali na nyingine; kazi ilikuwa kushusha kitufe kimoja. Lakini mkono wake ulisita, naye akamtazama Lionel.

"Unamtazama yeye kwa nini? Bendi ya nani hii?"

"Mzee, tuache tu," Desmond alisema. "Nitarudia kupiga. Nitapanda juu, nipige vile unavyotaka wewe."

"Ahaa! Leo ndiyo unataka kupanda juu?"

"Nakuomba, mzee."

Tangu aje, kijana hakuwahi kumwomba kitu. Uso wake ulikuwa umemwiva, na Alban akauona utamu wa kulipiza.

"Nataka wenzangu wasikie ulichokuwa unakifunika na matope yako. Wakishasikia, wachague. Wewe au mimi. Leo hii, kabla hatujatoka humu."

"Ndugu yangu," Lionel alisema taratibu, "twende tukanywe chai kwanza. Haya mambo tutayaongea, mimi na wewe tu."

"Miezi minne nimekunywa chai na huyu anayekula kama fisi! Nimechoka. Hugh, kama hutaki, nitatoa mwenyewe."

Hugh akashusha kitufe. Utepe ukaanza kuzunguka.

Mngurumo ulikuwa umetoweka. Ngoma za Lionel ziliingia, nyepesi, kisha mkono wa kulia wa Alban, safi, unapaa kama zamani. Akafumba macho. Hatimaye, wimbo wake umeoshwa. Alinyoosha kidole hewani wasikilize vizuri, maana sasa besi ilikuwa inaingia.

Mkono wa kushoto ulichelewa. Ukagonga noti mbili zisizohusiana na chochote, ukajikwaa, ukanyamaza mapigo kumi na sita mazima, palepale gitaa lilipokuwa likinguruma, ukarudi ukipapasa kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani, ukanyamaza tena.

Alban alifumbua macho, akageuka awatazame. Wote watatu walikuwa wameinamisha vichwa, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa.