Matanga ya Nguva

Sheria ilisema meli ikiua nguva, nahodha amwekee matanga nyumbani kwake, kama ya mtu. Matanga ya kwanza Mwantumu alilia kweli, na mumewe, Nahodha Badi, akaapa kupunguza mwendo kwenye malisho ya nguva. Ya pili, kampuni ya meli ilileta wapishi. Pilau likasifiwa kuliko marehemu.

Leo Mwantumu ametoka sokoni akakuta watu wa kampuni wanasimamisha turubai uani.

“Nani tena? Mume wangu yumo ndani amelala!”

“Anaondoka kesho, mama,” msimamizi akajibu, akikaza kamba. “Ameambiwa awahi, asipunguze mwendo. Nasi tumeona tujiandae.”

Mwantumu akaingia chumbani, akalivuta shuka.

“Badi, amka! Huyo unayekwenda kumuua, ananyonyesha?”