Kilio cha Tumpe

Matiti ya Atupele yalijaa maziwa, lakini mama mkwe wake alimshika mkono. "Usimnyonyeshe kwanza, mwanangu. Mwache alie."

Nje, wafu walikuwa wameujaza uwanja wa shule walimojificha. Ng'ambo, ndani ya uzio wa kisima, Ambakisye mumewe alisubiri na ndoo mbili za maji.

Tumpe, mtoto wa siku tisa, akaangua kilio. Wafu wakageuza nyuso dirishani. Mmoja akaketi, kisha mwingine, hadi mamia yao wakawa chini, wametulia kama watu waliofika msibani. Mtoto akilia, wafu huketi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na bado Atupele alisisimka mwili.

Ambakisye akapita katikati yao, akiruka miguu iliyonyooshwa.

"Mama, sauti inamkauka!" Atupele alimwambia mkwewe.

"Bado hatua chache."

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, komeo likashushwa. Atupele akampa mwanawe titi huku machozi yakimtiririka. Chumba kikawa kimya.

Nje wafu wakainuka, wote isipokuwa bibi mmoja. Yeye alibaki ameketi, amenyoosha mikono yake kuelekea dirishani, kama anayeomba apakatishwe mtoto.