Kisima cha Bimkubwa

Kichupa kilikuwa cheusi kama wino wa pweza, na Shamima alikiinua juu darasa zima likione.

"Dawa hii ikikutana na uchafu wa choo, maji hugeuka hivi," alisema. "Na maji haya ni ya kisima cha kina Mize."

Kidato cha Pili chote kikageuka kumtazama Mize. Yeye hakumtazama mtu. Alikuwa amekaza meno mpaka taya zikamuuma.

Kisima kile baba yake Mize alikichimba mwaka aliofariki mkewe, Bimkubwa, mama yake Mize, akakitoa sadaka ili thawabu zimfikie kaburini. Kila atekaye maji pale, awe mtoto awe kikongwe, husema kwanza "Mungu amrehemu Bimkubwa," ndipo ateremshe ndoo. Tangu alfajiri hadi magharibi jina la marehemu lilikuwa likitajwa kwa heri. Leo, mbele ya watu, Bimkubwa anaambiwa anawanywesha watu kinyesi.

Mwalimu Abdulsamad alikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi akishawasilisha jaribio lake la sayansi, wenziwe husimama mmoja mmoja kusema walichojifunza na cha kurekebisha. Kwa kawaida huwa ni hongera na makofi, basi. Yussuf alisifu sauti. Ruweida akasifu mchoro wa ubaoni. Mmoja wa nyuma akasema yeye amejifunza kwamba akifika kwao leo atakunywa soda, na watu wakacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomnyanyua Mize.

Hakusifu kitu. Aliuliza maji yametiwa kwenye chupa gani. Shamima akajibu, ya soda. Imeoshwa na nini? Na maji. Maji ya wapi? Shamima akababaika. Amepima mara ngapi? Mara moja. Na visima vingine amevipima? Hajavipima.

"Kwa hiyo umeokota chupa, umeisuuza kwa maji usiyoyajua, umepima mara moja, halafu umekuja hapa kumtukana maiti," alisema Mize. "Mie leo nimejifunza kitu kimoja tu. Mtu anaweza kukaa nawe dawati moja, akala kwenu, akalala kwenu, kumbe anakutafutia aibu."

"Sikutafuta aibu, shoga." Sauti ilikuwa imemkauka Shamima. "Mdogo wetu Ahmada anaharisha wiki ya pili sasa. Nilitaka kujua tu."

"Basi jua vizuri."

Mwalimu akagonga meza, akamwambia Mize apunguze ukali. Lakini alikiri kwamba maswali yake ni ya haki na hayakujibiwa. Jaribio litarudiwa. Yeye mwenyewe atachemsha chupa na kuifunga, na mtu ataipeleka kisimani kujazwa. Shamima alinyoosha mkono, wenziwe wakamgunia mpaka akaushusha. Mwalimu akampa chupa Mize. Kisima ni cha mama yake, alisema, hakuna atakayekitendea haki kuliko yeye. Hakuna aliyepinga.

Maneno yalikuwa yameshamtangulia Mize nyumbani. Alasiri ile kisimani palikuwa kimya. Wanawake walipita na ndoo zao kichwani, wakamsalimia kwa adabu zote, wakamwita mwanangu, wakaulizia hali ya baba yake, kisha wakaendelea zao kwenda kisima cha bondeni. Kila ndoo iliyopita bila kusimama ilimchoma Mize kama sindano. Alitamani amfuate Shamima kwao amkung'ute.

Baba yake alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi, haisogei. Hakuuliza habari za dawa wala za kichupa.

"Mama yako nani atamtaja tena?" alisema.

Mize akaitwaa ile chupa ya Mwalimu.

Asubuhi alifika skuli chupa imejaa, kifuniko kimebanwa sawasawa. Mwalimu akamimina maji kwenye kichupa kipya mbele ya wote, akatia dawa, akakifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwake.

Kilipotolewa kesho yake, maji yalikuwa meupe vilevile yalivyoingia.

Darasa likapiga makofi mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Mwalimu akasema hivi ndivyo sayansi inavyotaka, mtu asimeze jibu kabla ya kuuliza limepatikana vipi, na tangu aanze kufundisha hajasikia maoni ya mwanafunzi yenye faida kama ya Mize. Akamtaka Shamima naye aseme alichojifunza. Shamima alisimama, akasema amejifunza kwamba haraka yake imemtia aibu mtu asiyeweza hata kujitetea. Akakaa, akainamisha uso kwenye dawati. Mize alimtazama kisogo, na hasira bado haijamtoka.

Jioni kisima kilirudi kuwa kisima. Ndoo zilipangwa mpaka karibu na banda la mbuzi, wanawake wakitaniana nani kamkimbia nani, na kwa kila kamba iliyoteremshwa jina la Bimkubwa lilitajwa. Baba aliyasikia yote kutoka barazani, na tasbihi ikatembea.

Shamima naye alikuja, ndoo mkono mmoja, Ahmada kambeba kiunoni, shingo ya mtoto imelegea. Mbele ya wanawake wote alimwomba Mize radhi. Wakampisha mbele. Akasema Mungu amrehemu Bimkubwa, akateka, akanywa kwa kiganja, kisha akamnywesha na Ahmada.

"Amin," alisema Mize.

Akaingia ndani, akatwaa dumu, akatokea mlango wa uani, akashika njia ya bomba la mtaa wa pili, alikokuwa akifuata maji ya kunywa tangu Ramadhani, na alikoijazia ile chupa ya Mwalimu.