Simu ya Upepo

Akinyi aliikataa kazi ya ualimu kwa sababu ya sauti ya mwanamume ambaye hakuwahi kumwona.

Mkuu wa shule ya sekondari alikuja mwenyewe kwa baiskeli hadi kwenye rasi, akamkuta akifuta vumbi kwenye vikombe vya kipima upepo. Alikuwa anatafuta mwalimu wa fizikia. Nyumba ipo, mshahara upo, alisema, ila jibu alilitaka Jumapili. Akinyi akaomba azungumze na ofisi yake kwanza.

Kituo chake kilikuwa kibanda cha mabati ufukweni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Mara. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kupimia hali ya hewa na simu ya upepo ya kuongea na Mwanza. Aliyemweka pale ni Dokta Wilhelmina, mkuu wa mradi wa utafiti wa ziwa, mara tu Akinyi alipomaliza chuo kikuu.

"Wapo wanaume waliokitaka kituo hiki," Dokta alimwambia. "Nimekupa wewe. Usiwape la kusema."

Hakuwapa. Kila asubuhi alipima upepo, mawimbi, mvua na joto, kisha akaita Mwanza. Mwanzoni alipokea Dokta mwenyewe, mkali, akidai kila tarakimu irudiwe. Baadaye zikavuma habari kwamba watu wanapunguzwa kazini na wafadhili wanaondoka. Mashua iliyoleta mishahara ikaanza kuchelewa, mwisho ikaacha kuja. Kwa muda Mwanza ilikuwa kimya kabisa. Akinyi aliendelea kuita tu, mpaka siku moja ikaitika sauti nzito ya mwanamume, yenye lafudhi ya Kisukuma.

"Dokta Wilhelmina yupo?" Akinyi aliuliza.

"Dokta amesafiri. Nipe mimi. Huko upepo ukoje?"

Tangu hapo akawa yeye. Alikuwa mpole kuliko Dokta. Mvua na joto aliviacha vipite, lakini upepo aliuulizia mpaka aridhike: unatoka wapi, utageuka lini, na kesho je? Nyuma yake zilisikika kelele za watu na milio ya vyuma, na Akinyi akajisemea kuwa ofisi sasa imechangamka. Akiulizia mshahara, sauti ilijibu, "Mambo yanashughulikiwa, dada. Vumilia."

Alivumilia. Viatu vilipoisha akavaa kandambili. Alikula kwa mama yake, Mama Aoko, mihogo na dagaa, huku mama akimtazama bila kugusa chakula chake.

"Mwanangu, huo upepo unaoupima kila siku, nani anaula?"

"Unahitajika Mwanza, mama."

"Na wewe unahitajika wapi?"

Jumamosi Akinyi alishika simu, akamaliza kutoa vipimo, kisha akasema, "Ndugu yangu, nimepata kazi shuleni. Niambie kweli. Nikiondoka, kuna kitu kitaharibika?"

Simu ilikoroma. Halafu sauti ikaja juu, "Usithubutu, dada! Bila wewe hapa hakuna kazi. Kuna watu wanakutegemea!"

Alikaa chini, mgongo kwenye mabati, akalia kwa furaha. Tangu Dokta, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Jumapili akapeleka jibu shuleni, na nafasi ile akapewa mwingine.

Masika ilipoingia, dhoruba ikavunja mhimili wa kipima upepo. Fundi wa Musoma aliugeuzageuza, akashindwa, akamrudishia. Mama Aoko aliuza kuku wake wote, akampa nauli ya Mwanza.

Ndani ya basi Akinyi alipanga maneno yake, chombo kilichovunjika akiwa amekipakata ndani ya kanga. Ataomba mhimili mpya. Atadai malimbikizo. Halafu, Dokta akiwa ametulia, atamkumbusha ahadi ya kumpeleka kusoma shahada ya pili.

Nyumba ya mradi, kule Mkuyuni jijini Mwanza, aliikumbuka tangu siku za mafunzo. Lango lilikuwa wazi. Lori lilikuwa linashusha barafu, na wanawake waliochuchumaa uani walikuwa wanaparua magamba ya samaki. Akadhani ua umekodishwa. Siku hizo kila ofisi ilikodisha ua wake. Akapanda ngazi, akaingia chumba kilichokuwa na ramani wakati ule. Ramani hazikuwapo, lakini simu ya upepo ilikuwa pale pale mezani, na mbele yake ameketi mzee mnene mwenye buti za mpira.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

Ilikuwa ile sauti. Akinyi alishikilia fremu ya mlango. "Mimi ni Akinyi. Wa kule kwenye rasi."

Mzee aliinuka kwa kishindo hadi kiti kikaanguka. Akamshika mikono yote miwili, akapaza sauti dirishani, "Jamani, njooni! Dada wa upepo amekuja!"

Wakaja mbio, wanawake wenye magamba mikononi, wanaume wenye nyavu mabegani, wakajaa mlangoni. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mwingine alimkumbatia Akinyi, hakutaka kumwachia. Akinyi alicheka, machozi yakimlenga. Hakujua kwamba vipimo vyake vilikuwa na wenyewe wengi namna hii.

"Nimeleta kipima upepo kitengenezwe," alisema, akifungua kanga. "Na ningependa kumwona Dokta Wilhelmina."

Mzee aliutazama mhimili uliovunjika, akazitazama na kandambili miguuni mwa Akinyi.

"Wale wa mradi walihama zamani, dada, wakaniuzia nyumba na vyote vilivyomo," alisema polepole. "Mimi ni mnunuzi wa sangara tu, lakini tangu asubuhi ile uliponiita, sijapoteza mtumbwi hata mmoja."